Nyantende Haiingii katika Giga Nane

Jumamosi, 14 Septemba 2024

Kuna jambo nimewaficha watu wa nyumba hii, nami nataka liandikwe kabla moyo haujasimama. Mtu ninayeendesha naye malori kwenye kompyuta kila alasiri, yule ambaye binti yangu Francine humwita "rafiki yako wa internet", ni Didier, mtoto wangu wa kwanza. Yeye mwenyewe hajui. Kwake mimi ni Muzee Anaclet, mstaafu wa Bukavu mwenye ugonjwa wa koo, asiyeweza kusema, anayeandika tu. Yeye huzungumza, mimi humsikia kwenye vifaa vya masikioni, kisha naegesha lori kando ya barabara na kumjibu kwa kidole kimoja.

Koo langu ni zima. Kibovu ni moyo. Lakini ningefungua kinywa, angenijua kwa neno la kwanza. Nimekuwa préfet, yaani mkuu wa shule, miaka mingi, na sauti yangu wanafunzi waliiiga hadi sokoni.

Nilimpata hivi. Miguu ilipovimba nikaacha kutoka nje, Francine aliniachia kompyuta yake ya zamani. Siku moja nikaandika jina "Nyantende", kijiji chetu cha asili, kutaka tu kuona kama dunia inaijua. Ikatokea barabara. Mtu mmoja huko Namur, Ubelgiji, alikuwa amechora, kwa ajili ya mchezo wa malori, njia yote kutoka Bukavu kupitia Nyantende na milima ya Ngomo hadi Kamanyola, ili wachezaji waipite. Chini yake liliandikwa jina lake kamili. Jina hilo nilimpa mimi, nikiwa nimemshika mbele ya padri. Nikamwandikia kwa jina la kubuni, naye akanifundisha kuendesha.

Alikuwa mwaka wa tatu wa udaktari alipoacha masomo ili achore michezo. Niliivunja kompyuta yake uani, rafiki zake wakitazama, nikamwambia asirudi hata nikifa. Mama yake, Eulalie, alimkimbilia hadi barabarani akiwa na koti lake mkononi. Mimi niliingia ndani nikasahihisha mitihani.

Jumanne, 17 Septemba

Mvua ya kwanza. Majirani wote wamesimama milangoni wakiitazama kama mgeni aliyechelewa.

Jumamosi, 21 Septemba

Nimekwenda Nyawera kwa Marcellin, muuza kompyuta. Francine alinishika mkono hadi mlangoni, kisha akaenda zake kwenye kikao cha shirika lake.

Nataka skrini ile pana, iliyonyooka kama dirisha la lori. Shingo yangu imekauka, haigeuki tena, na mikono inatetemeka hata siwezi kugeuza macho ya dereva kwa kipanya. Kwenye skrini pana vioo vyote viwili, cha kushoto na cha kulia, vinaonekana pamoja bila kuhangaika. Skrini tumeipata, imetumika kidogo, ina alama moja pembeni. Iliyobaki ni kadi ya grafiki, ile inayochora picha, na kwa bajeti yangu kulikuwa na mbili tu: mpya yenye memori ya giga nane, na ya zamani kidogo yenye giga kumi na mbili.

Didier alikuwa ameniambia waziwazi, jana tu: "Muzee Anaclet, skrini pana inakula mémoire mingi. Chukua ya kumi na mbili hata kama iko ya zamani. Usidanganywe na carton."

Marcellin aliziweka zote mbili mezani.

"Papa Préfet, hii ya giga nane iko mupya kabisa, iko mu carton yake. Ile ingine iko occasion, ilishatumika, ilitoka Kigali. Mwenye alikuwa anaitumia alikuwa anafanya nayo nini? Mungu njo anajua."

"Kuna mtu amenishauri nichukue yenye memori kubwa."

"Mutu gani?"

"Mtu tunayecheza naye."

"Iko na diplôme?"

Nikaigeuza ile carton mkononi. Diploma hakuipata, mimi ndiye niliyekuwa nikipiga kelele juu ya hiyo diploma. Marcellin akacheka, akadhani amenishinda kwa hoja.

"Papa, hii mupya inakimbia kuliko ile. Mutu mukubwa kama weye utabeba kitu yenye batu balishachokesha?"

Nikachukua mpya. Na niandike ukweli hapa: si Marcellin aliyenishawishi. Ni kwamba yule aliyesema "chukua ya kumi na mbili" nilimfundisha mimi kuhesabu, kwa vijiti, kwenye ngazi za nyumba hii. Sikuweza kumtii. Hata nikiwa nimejificha nyuma ya jina la mtu mwingine, sikuweza.

Jioni Francine alipoona sanduku la skrini limejaa sebule nzima, alisimama mlangoni na mkoba begani.

"Papa. Hii si ile pesa yenye uliweka ya cercueil, ile sanduku ya kukuzika?"

"Mutanizika mu carton hii. Ona vile iko pana."

Hakutaka kucheka. Alicheka jikoni, peke yake, nikamsikia.

Ijumaa, 27 Septemba

Marcellin alikuja jana kufunga kadi na skrini. Leo umeme umekaa mchana kutwa, basi tumeendesha.

"Niko nakungojea pa Essence, mwanzo ya barabara yetu," Didier akasema masikioni mwangu. "Washa mataa, kuko mvua mu mchezo pia."

Lori lake mbele, langu nyuma. Tulishuka mtaa wa Panzi. Vioo vyote viwili nikaviona, na watoto wenye vidumu vya maji kando ya njia, na matope mekundu kwenye mifereji. Nililia kidogo. Machozi ya mtu wa moyo mbovu hayana maana, huja tu.

Tulipokaribia Nyantende, kuta zikageuka uji. Nyumba zikawa masanduku ya kijivu. Barabara ikaruka, ikasimama, ikaruka tena, na lori langu likaingia shambani mwa mtu.

"Muzee! Njo umenunua kadi gani?"

Nikaegesha hapohapo kwenye maharage. Nikaandika: Ya nane. Mpya.

Akacheka kicheko kile cha mama yake, cha kuanzia puani. "Nilikuambia! Sasa ona, mémoire imejaa. Kadi inaanza kutupa picha na kuzirudisha, kutupa na kurudisha, njo maana inashituka."

Nimeielewa kwa namna yangu. Ni kama mwalimu mwenye mkono mwepesi aliyepewa ubao mdogo. Anaandika haraka, lakini kila anapofika mstari wa mwisho lazima afute juu ndipo aendelee, na wanafunzi wanabaki wakitazama vumbi la chaki. Mwenye ubao mkubwa, hata akiandika polepole, darasa linasonga.

Nikamuuliza kwa nini ni Nyantende, si Panzi wala Ngomo.

"Nyantende niliweka kila kitu," akasema. "Kila muti. Unaweza punguza ubora, itaingia mu giga nane. Lakini pa skrini yako kila nyumba itakuwa kama nyumba ya mutu yeyote."

Nikaandika kwamba sitapunguza.

Jumapili, 29 Septemba

Mvua. Misa nimeisikiliza redioni.

Alhamisi, 3 Oktoba

Umeme hakuna tangu juzi. Kilima kimeporomoka huko Kadutu na nyumba zake. Miguu imevimba hadi magotini.

Jumamosi, 12 Oktoba

Francine amenisuta leo, nami tangu zamani namwona mwanamke mgumu, asiye na huruma. Alikuwa akinisugua miguu kwa mafuta.

"Unacheka peke yako mule chumba. Unaongea na nani?"

"Naandikiana na mtu wa Namur."

Mkono wake ukasimama. "Namur kuko batu mingi."

"Wako wengi."

"Basi umuambie ule rafiki yako, akikutana na mutu mumoja anaitwa Didier, amusalimie. Amuambie mama alimungojea siku zote akitazama mulango. Na mutoto wake wa kwanza aliitwa, akasema hana nafasi." Akaanza tena kusugua, kwa nguvu sasa. "Mi sitamusamehe, papa. Hata wewe ukimusamehe, mi hapana."

Nilitazama dirisha. Nilimwambia mafuta yananiwasha.

Jumapili, 20 Oktoba

Nimemtuma Francine arudishe kadi. Marcellin alikuja mwenyewe na ile ya kumi na mbili mfukoni mwa koti.

"Papa Préfet, umerudia occasion?"

"Mwalimu naye hukosea."

"Ile siku ungesema mutu wako anajua, ningekuachia."

"Ungesema hana diploma."

"Ningesema," akakubali, na akaifunga akiimba.

Alhamisi, 24 Oktoba

Mwandiko wangu leo ni mbaya. Nitaandika hata hivyo.

Tulianza mapema alasiri, kabla ya mvua. Essence, Panzi, kisha mpando. Kadi hii ni nzito kuanza, haina mbio za ile, lakini haikushtuka hata mara moja. Nyantende ikaja ikiwa nzima. Nikaona parokia kwa juu. Nikaona mikaratusi, na njia ya mkato ya kwenda kisimani, na ukuta wa nyumba yetu ya kijijini, wa matofali, wenye pembe iliyovunjika. Pembe ile niliivunja mimi nikirudisha gari nyuma, Didier akiwa mtoto. Ameiweka.

Mlango wa buluu. Mlangoni amesimama mwanamke mwenye kitenge cha kijani na ungo wa maharage. Uso si wake, ni uso ambao mchezo unawapa wanawake wote. Lakini amesimama akiegemea kwa bega la kushoto, kama Eulalie alivyokuwa akisimama tangu nyonga ilipoanza kumuuma.

"Egesha hapa, Muzee," Didier akasema. Malori yetu yakakaa sambamba mbele ya nyumba.

Nilikuwa nasikia anavyopumua.

"Ule njo mama yangu," akasema. "Alisha kufa. Nilijua kwa Facebook, mutu aliweka picha ya kukumbuka, alikuwa amesha zikwa miezi mingi. Hakuna mutu aliniita. Hata mudogo wangu Francine. Mi nilimubeba mu mugongo, ule Francine, kumupeleka masomo." Akakohoa. "Nimemuacha amesimama pale mulangoni kwa sababu sijui kaburi iko wapi. Sijui nimuweke wapi."

Niliondoa kidole kwenye kibodi.

"Muzee, weye uko Bukavu. Siku ya wafu batu banaenda kupalilia makaburi. Si unaweza nitafutia? Jina ni Eulalie. Ikiwa iko Nyantende, iko karibu na parokia. Unipigie picha moja tu. Naona haya kukuomba, weye mugonjwa."

Nikaandika: Nitajaribu.

"Mungu akubariki, papa," akasema. Papa, kama anavyomwita mzee yeyote wa kwetu. Nilivivua vile vifaa masikioni nikaviweka mezani.

Jumapili, 27 Oktoba

Dokta ameongeza vidonge. Amemwita Francine kando, wakanong'ona uani. Wanadhani masikio nayo yamekufa.

Jumamosi, 2 Novemba

Siku ya Wafu. Francine alikodi gari ili nifike Nyantende, makaburini. Nilikaa kwenye kiti cha plastiki chini ya mwavuli, naye akapalilia kaburi la mama yake kwa jembe dogo, kanga imefungwa kiunoni. Udongo ulikuwa laini. Kulikuwa na familia nyingi, nyimbo, mishumaa inayozimwa na mvua na kuwashwa tena.

Nilitoa simu nikapiga picha. Francine aliniona.

"Ya nini?"

"Nikiwa siwezi tena kuja."

Akaniamini. Akaendelea kung'oa majani, akisema bila kuinua kichwa.

"Unajua nini inaniuma, papa? Ningemupigia mimi. Namba yake ilikuwa mu simu yako, ningeiiba. Lakini mukubwa haambiwe kifo ya mama na mudogo wake. Inatoka mu kinywa ya baba. Basi nilikungojea. Ukatoka mu chumba, ukasema umemupigia, amekataa. Nikasema sawa. Nikazima jina lake."

Ndivyo ilivyo katika ukoo wetu. Mtoto wa kwanza huambiwa na baba. Mdogo akimtangulia baba, ni kama amemzika baba naye. Hakuna aliyevunja desturi hiyo. Shangazi zake hawakuivunja, wala wajomba. Wote waliniachia mimi.

Nilimtazama mgongo wake ulioinama. Kwa muda mrefu nimemwita mgumu. Ugumu ule ni kazi ya mikono yangu, nimeujenga tofali kwa tofali, naye amekaa ndani yake akidhani ni nyumba yake.

Tulirudi tumelowa. Alasiri nikafungua mchezo na kumtumia Didier picha.

Nilisikia akibonyeza kipanya. Kisha: "Kuko mutu amepalilia."

Nikaandika: Nilimkuta mwanamke anapalilia.

"Murefu? Anaongea sana?"

Nikaandika: Ndiyo.

"Ni Francine." Sauti yake ikapanda kama ya mtoto. "Muzee, mulisemeshana? Alisema kitu juu yangu?"

Ningeweza kumdanganya kwa upole. Nimefanya mengi mabaya kuliko hilo. Nikaandika: Alisema uliitwa ukakataa kuja.

Nilisikia kiti chake kikisukumwa nyuma.

"Nani alimuambia hivyo? Mi? Nani aliniita? Muzee, umuulize, nani alimuambia hivyo?"

Nikanyoosha mkono nikachomoa waya ukutani. Skrini ile pana yote ikawa nyeusi, na ndani yake nikamwona mzee mwenye shuka mabegani.

Jumapili, 3 Novemba

Nimemwandikia kwa simu: umeme ulikatika. Umeme ulikuwapo.

Jumatano, 6 Novemba

Mvua. Didier ameandika. Sijajibu.

Jumapili, 10 Novemba

Ameandika tena. Amelijenga kaburi kwenye ramani yake, na anauliza kama msalaba umekaa upande sahihi. Umekaa sahihi. Mlangoni hakuna mtu tena. Anasema sasa ile sehemu imekuwa nyepesi kidogo, labda hata kadi ya giga nane ingeibeba, na akaandika "pole, Muzee" kwa kunifanya nibadilishe. Ananiomba msamaha.

Alhamisi, 14 Novemba

Silali chali tena, maji yamepanda mapafuni. Francine anaketi nami kabla ya kwenda kazini na akitoka kazini. Ananichana nywele zilizobaki. Jana alisema, "Papa, usiogope, mi niko." Anajua kutunza kuliko nilivyostahili.

Jumanne, 19 Novemba

Didier ameandika kwamba ameacha kufanya kazi ya usiku kwenye ghala, kichwa hakikai. Anaendelea kuuliza lilelile swali. Anasema ikiwa Francine ndiye aliyebuni, hatamsamehe.

Basi nikifa nimenyamaza, ndivyo nitakavyowaacha. Kila mmoja atapalilia chuki yake vizuri, kwa bidii, kama nilivyowafunza kufanya kila kazi. Nao ni wawili tu, hawana mwingine.

Jumamosi, 23 Novemba

Mvua ya mawe. Sikuweza kukaa kwenye kiti.

Jumamosi, 30 Novemba

Leo nimepata pumzi. Mvua ilikuwa mbali, upande wa ziwa. Nilimwomba Francine aniketishe mbele ya skrini na mito mitatu, kisha nikamwomba aketi naye.

"Mi siyui mambo ya malori, papa."

"Keti tu."

Nilichomoa vifaa vya masikioni ili sauti itoke chumbani kote. Didier alikuwa tayari mchezoni. Lori lake lilikuwa limeegeshwa Nyantende.

"Muzee Anaclet! Nilizani umetuacha. Koo inasema nini?"

Francine akainuka. Hakuuliza ni nani. Alishika ubao wa kitanda kwa mikono miwili na kuniangalia, na nilimwona akihesabu miezi yote ile ya "rafiki wa internet".

Niliwahi kumwambia padri dhambi nyingi. Hii sikumwambia. Siku zile Eulalie alipokuwa akifa kwenye chumba hiki, aliniuliza kila asubuhi, "Umemupigia Didier?" nami nikamjibu kwamba nimempigia, anatafuta tiketi, yuko njiani. Aliendelea kutazama mlango kwa sababu yangu. Nilikuwa nangoja Didier aanze. Nilitaka aniombe radhi kwanza, ndipo nimwambie mama yake anakufa. Kisha Eulalie akafa, na ikawa nimechelewa kusema kweli, na nikatoka chumbani nikawaambia waliokaa sebuleni kwamba Didier amekataa.

Nikabonyeza kitufe cha kusema. Nikakosa, nikabonyeza tena.

"Didier," nikasema.

Huko Namur kitu kikaanguka mezani.

"Ni mimi. Ni baba yako. Francine yuko hapa, anasikia. Hakubuni kitu. Usimchukie. Na wewe, Francine, ndugu yako hakukataa."

"Papa," Francine akasema. Sauti ilikuwa ndogo sana. "Lakini ulisema ulimupigia."

"Nilisema."

"Ulisema alijibu."

"Nilisema. Sikupiga. Nilikaa na simu mkononi, namba yake iko mbele yangu, na sikupiga."